Walishukuru Kabla Sijachagua

Kasulu, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Mmeniuliza mara nyingi nilifuata nini Durban, na nimekuwa nikiwajibu kwamba nilikwenda kumsalimia mjomba. Ni kweli, ila si yote. Nilikwenda kutazama chuo. Nilikuwa na nafasi mbili mkononi: ya Mwanza, ualimu wa hisabati na jiografia, na ya Durban, mambo ya bandari na usafirishaji wa mizigo. Kati ya hizo mbili hakuna hata moja iliyonikosesha usingizi kwa hamu. Zilinikosesha usingizi kwa hofu tu.

Tangu utotoni nikiulizwa nitakuwa nani, humtazama kwanza anayeuliza. Nesi nilimwambia daktari. Mwalimu nilimwambia mwalimu. Mchungaji nilimwambia mchungaji, na siku hiyo alininunulia soda. Basi nikamaliza kidato cha sita, mchepuo wa uchumi, jiografia na hisabati, bila kujiuliza swali hilo mwenyewe hata mara moja. Mwanza niliomba kwa sababu rafiki zangu waliomba. Durban aliniombea mjomba Elias, mdogo wake mama, ambaye ameishi huko tangu sijaanza darasa la kwanza. Mimi nilimtumia picha za vyeti, nikaenda kucheza mpira.

Sasa sikieni balaa lilipoanzia. Mama yangu ni fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya, na wale wa kanisani kwetu mnaujua ushuhuda wa imani. Mtu hasubiri apate ndipo ashukuru. Anasimama mbele ya watu na kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hajakishika, na akishakitamka kimekuwa chake. Kukirudisha ni kumfanya Mungu mwongo. Wiki ile jina langu lilipotoka Mwanza, mama alisimama. "Bwana Yesu asifiwe! Namshukuru Mungu kwa mwanangu Yusto, mwalimu." Vigelegele vikapasua bati. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la vijana, sijaulizwa neno.

Wiki iliyofuata Durban nao wakajibu, na mjomba akapiga simu. "Usithibitishe kitu bado. Njoo uone kwa macho yako. Tiketi nakutumia." Mama hakukataa. Alinifungia migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, kwenye gazeti, akasema, "Nenda ukamsalimie, urudi." Kwake yeye jambo lilikuwa limeshakwisha.

Mpanda, Sumbawanga, Tunduma. Niliondoka Kasulu alfajiri, na barabara yote ile nilikaa dirishani nikitazama mashamba yaliyochomwa yakisubiri mvua. Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama mmoja wa makamo anayekwenda kumwona binti yake Sumbawanga, mtu wa maneno na utani. Hatujafika Mpanda ameshanitoa habari zangu zote.

"Ah, wewe ni fisi!" akacheka. "Njia mbili zilimshinda fisi, kijana. Angalia usipasuke msamba."

Nilicheka naye, lakini neno lile lilinikera njia nzima. Fisi alikuwa na nafuu. Yeye alisikia harufu ya nyama huku na huku, akataka zote. Mimi nilinusa Mwanza, nikanusa Durban, sikusikia harufu yoyote. Fisi asiye na njaa afanye nini penye njia panda? Methali haisemi.

Zambia na Zimbabwe. Tunduma nilipanda basi la Johannesburg, na kuanzia hapo sina mengi ya kuwasimulia, maana nililala, nikaamka, nikalala. Zambia ni ndefu, jamani! Miti, miti, miti, halafu kibanda cha muda wa maongezi, halafu miti. Nilijilazimisha kufikiria. Nikajiona darasani mbele ya watoto mia na chaki mkononi, nikachoka kabla sijaandika tarehe. Nikajiona ofisini bandarini na makaratasi ya makontena, nikachoka vilevile. Nikajaribu kujiona mahali pa tatu popote, hata ukondakta. Palikuwa giza.

Beitbridge. Kwenye mpaka wa kuingia Afrika Kusini, afisa aliniuliza ninaingia kufanya nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule kwamba nakwenda kutazama chuo. Akanitazama juu ya miwani. "Wenzako wanakwenda kusoma, wewe unakwenda kutazama?" Akagonga muhuri huku akitikisa kichwa.

Durban. Basi la kutoka Johannesburg lilishuka milimani usiku, na asubuhi tukaingia mjini kwenye joto lenye unyevu ambalo mtu wa Kasulu analivaa kama koti la mtu mwingine. Mjomba alikuwa stendi. Amenenepa, ana kipara, na Kiswahili chake kimeoana na cha Wakongo na Warundi anaoishi nao. "Yusto! Eish, umekuwa mrefu! Iko mizigo mingine?" Alinipitisha mitaani kwa miguu, akinionyesha taa za kuongozea magari, ambazo wao huziita roboti, na vipanya vyao, mabasi madogo ambayo wao huyaita teksi. Kila Mrundi na Mkongo tuliyekutana naye alisimamishwa. "Huyu ni mtoto wa dada. Amekuja kwa ajili ya chuo." Kila mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili.

Mke wa mjomba, Mama Aline, ni Mkongo wa Uvira, ana saluni katikati ya mji, na wanaishi chumba cha juu yake. Aliifungua migebuka ya mama akainusa kwa macho yaliyofumbwa. "Karibu, mutoto yetu. Iko maji ya kuoga, iko na sombe. Kula kwanza. Masomo haina miguu, haitakimbia." Katika safari yote ile hakuna aliyeniambia neno zuri kuliko hilo. Nilikula ile sombe, kisamvu chao, mpaka nikaona aibu.

Kesho yake, chuoni. Niliomba niende peke yangu. Ni mahali pazuri, siwezi kusema uongo: majengo juu ya kilima, bahari inaonekana kwa mbali, vijana wamebeba kompyuta wanacheka kwa Kizulu. Dada wa mapokezi alinijibu kila swali kwa upole, na maswali yenyewe niliyatunga palepale mlangoni. Kisha nikakaa kwenye benchi chini ya ukuta, nikasema hapa sitoki mpaka moyo useme kitu. Nilikaa sana. Wanafunzi waliingia darasani wakatoka, wakaingia wengine. Moyo ulichosema ni kwamba ilikuwa saa ya kula.

Alasiri ile, saluni. Mama Aline ana msusi anayeitwa Clarisse, dada wa miaka kama ishirini na nane hivi, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Niliporudi alikuwa anamsuka mteja, akaniuliza bila kuinua macho nimekionaje chuo.

"Kizuri."

"Nilisoma pale, mimi. Ile masomo yako, ile ile. Diplôme yangu iko ndani ya sanduku."

"Na kazi?" nikauliza.

"Unaniona niko wapi?" Akavuta uzi wa nywele, akaukata kwa meno. "Usiende kusema Clarisse ananivunja moyo. Ya karatasi zangu za kuishi hapa ni mambo marefu, labda weye itakuendea vizuri. Lakini mimi nilipenda ile masomo, vraiment, kweli kabisa. Nilikuwa naota meli usingizini. Weye, unaota nini?"

Nilimtazama usoni kama nilivyozoea, nijue anataka kusikia nini, na kwa mara ya kwanza sikuona kitu cha kusoma pale.

"Sioti," nikasema.

Akasuka mistari miwili. "Mimi angalau niko na kitu ya kulilia," akasema. Mteja aligeuza kichwa kunitazama, naye Clarisse akamgeuza tena taratibu.

Jumamosi, Bluff. Mjomba alinipandisha teksi mpaka kwenye ule mwinuko ulioshika mdomo wa bandari, akanisimamisha mahali panapoona kote. Chini kulikuwa na makontena ya rangi zote, kreni, malori kwenye foleni, meli moja inaingia polepole ikivutwa. Upande wa nyuma, kuelekea Jacobs, viwanda vilikuwa vinatoa moshi. Mjomba alilinda magari ya watu miaka mingi kwenye maegesho kule Jacobs kabla Mama Aline hajafungua saluni. Aliniambia mambo hayo kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Kontena moja haliendi popote bila mtu wa karatasi," akasema. "Huyo mtu utakuwa wewe. Nami nitawaleta watu hapa niwaonyeshe."

"Mjomba, je, kama sitaki?"

Hakusikia, au alisikia akaona ni upepo. Alikuwa ameshatoa simu kunipiga picha.

Jumapili. Kanisa lao liko ghorofani juu ya duka la magodoro. Wanaimba Kirundi, Kifaransa na Kiswahili katika wimbo mmoja, na mtu akiwa na huzuni kule ndani ni kwa ukaidi wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nao huo ukaidi. Ikafika zamu ya shuhuda. Nilipomwona mjomba anavuta shati vizuri na kusimama, nilijua. Mtu aliyezaliwa na mama yangu tumbo moja angefanya nini kingine?

"Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, mliniona nikilinda magari kwenye jua. Leo namshukuru Mungu kwa mtoto wa dada yangu. Ameichagua Durban! Bandari ile mnayopita nje ya ukuta wake, mwana wenu atakuwa ndani!"

Jamani, kanisa liliruka. Mama mmoja mzee ambaye sikumjua hata kwa sura alinivika kitenge chake begani. Wanaume waliniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikauma. Watu wale wamekimbia vita, wamevunjiwa biashara, wamepanga foleni za karatasi mpaka nywele zikabadilika rangi, na siku ile walikuwa wanalia kwa furaha kwa ajili yangu mimi, mtu asiyetaka kitu. Niliinua mikono nikatabasamu. Ningefanya nini? Clarisse alikuwa safu ya nyuma, anapiga makofi na wengine, ananitazama.

Kwenye ngazi, baada ya ibada, nilimshika mjomba mkono.

"Mjomba, mimi sijachagua."

"Hiyo ndiyo imani, Yusto. Ukisubiri upate ndipo ushukuru, hiyo ni risiti."

"Lakini mama naye alishashukuru. Kwa Mwanza."

Akasimama. "Dada alisimama?"

"Alisimama."

"Mbele ya kwaya?"

"Mbele ya kwaya na kanisa zima."

"Eish." Akakaa chini kwenye ngazi na suti yake, watu wakawa wanatupita wakimpongeza. Kumbe hakujua. Dada yake hakumwambia la Mwanza, naye hakumwambia dada yake la Durban. Kila mmoja alikuwa amemaliza mambo na Mungu kivyake. Mwishowe akasema, "Basi, Mungu mwenyewe atajua la kufanya." Nilitaka kulia. Mungu ndiye waliyekuwa wamemfunga kamba huku na huku.

Jioni ile. Kuna kijana wa kanisani aliyerekodi yote, na nyie mnajua video inavyokimbia. Kabla ya chakula cha usiku mama alipiga simu.

"Nimeiona."

"Mama, sikiliza..."

"Umependeza na kile kitenge. Sawa, mwanangu." Akakata.

Mnamjua mama yangu. Akikasirika mtaa mzima unajua. Akiumia, husema sawa. Niliisikia ile sawa usiku kucha, nikamwona akipita sokoni Kasulu, wenzake wa kwaya wakimwuliza mwalimu wako yuko wapi.

Johannesburg, Ijumaa, safari ya kurudi. Niliaga Durban bila kusema neno la maana kwa mtu yeyote. Kwenye ofisi ya mabasi kulikuwa na mtandao, nikakaa sakafuni karibu na soketi. Nilipiga hesabu ya aibu, kwa kuwa hesabu ya kutaka sikuwa nayo. Mjomba yuko kwenye mji wa watu wanaohamahama, anaweza kusali kwingine. Mama hana kwingine. Wale waliomsikia ndio watakaomzika. Nikathibitisha Mwanza. Kisha nikafungua ukurasa wa Durban, nikaikataa nafasi yao kabisa, nisije nikarudi nyuma. Nilidhani nitapumua. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba ambayo si yake.

Nikamwandikia mjomba. Jibu lilikuja wakati tunapakia mizigo: "Mungu akutangulie. Mimi itabidi nihame kanisa." Sijui hata leo kama ulikuwa utani. Tulipovuka mpaka laini yangu ilikufa, na Zambia ikawa ndefu tena.

Tunduma nilipata muda wa maongezi nikampigia mama. Simu ilikuwa imezimwa. Sumbawanga, vilevile. Nikasema atakuwa kwenye cherehani, na chaji imeisha.

Kasulu. Nilimkuta barazani, kweli yuko kwenye cherehani. Alisimama akanikumbatia, kisha akatazama begi langu.

"Mbona umebeba vyote? Si ungeviacha vingine kwa mjomba wako, maana utarudi?"

"Sirudi, mama. Nimethibitisha Mwanza."

Alikaa polepole. "Lini?"

"Johannesburg, njiani. Na ile ya Durban nimeikataa."

Mama alichukua mkasi, akauweka chini, akauchukua tena. Ndipo akaniambia. Jumapili nilipokuwa kwenye basi, alikuwa amesimama tena kanisani. Alisema ule ushuhuda wa kwanza ulikuwa haraka ya mama, haukuwa sauti ya Mungu, anawaomba radhi, mwanawe anakwenda Durban. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo pale. Walioguna waliguna. Mwenyekiti wa kwaya alicheka kwa pua, na simu mama aliizima kwa sababu ya maswali ya watu. "Nilikuona kwenye video umeinua mikono," akasema. "Nikajua ndicho unachotaka. Nikasema, aibu nitaibeba mimi, ni mzoefu, mtoto aende."

Nikakaa chini karibu na kanyagio la cherehani.

"Kwa hiyo Mwanza ulimchagulia nani?" akauliza.

"Wewe."

"Na Durban aliitaka nani?"

"Mjomba."

"Na wewe?"

"Sijui, mama. Sijawahi kujua."

Alinitazama, na jicho lile sitalisahau. "Ungeniambia hivyo siku ya kwanza," akasema, "nisingesimama hata mara moja."

Niliwaandikia Durban kesho yake, nikiomba wanirudishie nafasi. Walinijibu kwa adabu kwamba nafasi imeshapewa mwingine, na wakanitakia heri. Namwombea huyo mwingine awe anaota meli.

Wanasema safari ni shule. Mimi nimepita nchi nne nikajifunza jambo moja ambalo ningeweza kujifunza jikoni kwetu: "sijui" ni neno la kusemwa mapema. Ukilinyamazia, wanaokupenda wataijaza nafasi yake kwa vitu vyao, tena kwa machozi na vigelegele, na utafika mahali utashindwa kuwalipa wote. Mnaosema nina bahati, vyuo viwili vimenigombania, naomba mnyamaze kidogo. Naondoka wiki ijayo kwenda kusomea kazi nisiyoitaka, kwa ajili ya mtu ambaye hataki niifanye.

Jumapili iliyopita mchungaji alisema jambo hili limewachanganya waumini, afadhali nisimame mwenyewe niliweke sawa. Nikaenda mbele. "Bwana Yesu asifiwe," nikasema, wakaitikia, "Amina." Nikasema namshukuru Mungu, nakwenda Mwanza kuwa mwalimu. Kanisa lote likainuka, ngoma zikaanza, wakaimba mpaka wa barabarani wakasimama dirishani. Nilimtafuta mama katika safu ya kwaya. Alikuwa amesimama na wenzake, amevaa sare yake, kitabu cha nyimbo kiko wazi mkononi. Hakuimba.